Saa za Kisovieti, kiwanda kwa kiwanda: shajara ya mradi

Lengo

Mradi wenyewe ni huu: kupata saa moja ya mkononi kutoka kila kiwanda kikubwa cha Umoja wa Kisovieti, iwe inatembea, na mashine, uso, mishale na kasha viwe vimetoka kiwandani pamoja. Sharti hilo la mwisho ndilo linalokula muda. Saa hizi zilitengenezwa kwa mamilioni, vipuri vyake vinaingiliana, na tangu nchi ile ivunjike mwaka 1991 watu wamekuwa wakizifumua na kuziunga upya kwa ajili ya soko. Unauziwa mashine ya miaka ya 1970 iliyofunikwa kwa uso uliopakwa rangi juzi, na muuzaji anaapa kuwa ni ya babu yake.

Nafanyia kazi hii Tanga, pamoja na fundi saa mmoja mwenye meza yake barazani Ngamiani. Yeye anafungua na kusafisha, mimi napiga picha, nasoma alama na kuandika.

Januari: Pobeda

Nimeanza na Pobeda kwa makusudi, kwa sababu ndiyo saa iliyomfikia raia wa kawaida. Imekuja kwa posta, kipenyo kidogo kuliko nilivyozoea kuona siku hizi, na mshale wa sekunde una kiduara chake peke yake chini, mahali pa tarakimu 6. Ufunguo unaingia. Ukiitikisa inatembea kidogo, kisha inasimama.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea ya Mrusi tena?"

"Ndiyo. Naomba usiifute chochote kabla sijapiga picha."

Fundi aliondoa mfuniko wa nyuma kwa ncha ya kisu, akaweka lenzi jichoni, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akanigeuzia. Juu ya bamba la mashine kulikuwa na alama ya Kiwanda cha Kwanza cha Saa cha Moscow, namba ya mfululizo, na tarakimu ndogo zilizochongwa vizuri: 2-53. Maana yake robo ya pili ya mwaka 1953. Viwanda vya Kisovieti viliweka tarehe hivi kwenye mashine hadi katikati ya miaka ya 1950, na kwa mkusanyaji hakuna zawadi inayozidi hii. Robo ile ilianza wiki chache tu baada ya kifo cha Stalin mwezi Machi. Aliyeibana skrubu hii aliibana katika majira ya kuchipua ambayo nchi nzima haikujua kesho ingekuwaje.

Uso nao unakubaliana na mashine. Chini kabisa, kwa herufi zinazohitaji lenzi, umeandikwa jina la kiwanda kilekile, kikitajwa kwa jina la Kirov, ambalo kilipewa mwaka 1935. Mishale ni ya buluu, ile buluu inayotokana na chuma kupashwa moto, na imechakaa kwa kiasi kinachofanana na uso. Nimeridhika.

Sasa historia ya kiwanda, maana bila hiyo saa ni chuma tu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Wasovieti walihitaji saa nyingi kwa reli, jeshi na viwanda, na nchi haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza kwa wingi tangu mwanzo hadi mwisho. Kupitia Amtorg, kampuni yao ya biashara huko New York, walinunua mitambo ya kampuni mbili za Marekani zilizokuwa zimeanguka: Dueber-Hampden ya Canton, Ohio, na Ansonia ya Brooklyn. Mwaka 1930 mabehewa 28 ya mitambo na vipuri yalifika Moscow, na pamoja nayo mafundi zaidi ya 20 wa Canton waliokuja kufundisha. Kiwanda cha Kwanza kikafunguliwa mwaka huohuo. Saa zake za mwanzo kwa kweli ni za Ohio zikiwa na uso wa Kirusi: mashine kubwa ya mfukoni, ambayo baadaye ilitiwa kwenye kasha la mkononi.

Pobeda lakini si Mmarekani. Mwaka 1936 Wasovieti walifanya mapatano na kampuni ya saa ya LIP ya Besançon, Ufaransa, wakapata mitambo na michoro kwa ajili ya kiwanda cha saa cha Penza. Mashine moja ya LIP, yenye kipenyo cha milimita 26, ndiyo iliyokuja kuwa Pobeda. Uzalishaji wake ulianza mwaka 1946, jina, ambalo kwa Kirusi maana yake ni ushindi, likatokana na ushindi wa vita wa mwaka uliotangulia, na haikubaki mali ya kiwanda kimoja. Ilitengenezwa Moscow, Penza, Chistopol, Petrodvorets na kwingineko. Ndiyo maana kuiona Pobeda hakutoshi, lazima uulize ni Pobeda ya wapi.

Mashine ina mawe 15, yaani vito vidogo ambamo ncha za mihimili huzunguka. Fundi ameiosha, ametia mafuta kwenye vishimo vya mawe kwa ncha ya sindano, na kuibadilisha kamani, ile springi inayoiendesha saa, iliyokuwa imechoka. Inachelewa kidogo usiku ikilazwa kifudifudi. Nimeiacha hivyo.

Februari: alama ninazoziangalia

Hakuna saa mpya mwezi huu. Nimekaa na picha na katalogi za zamani za biashara ya Kisovieti, nikajiandikia ninachokiangalia kabla ya kutoa shilingi yangu.

Kwanza namba ya mashine. Wasovieti walikuwa na mfumo mmoja kwa viwanda vyote: tarakimu mbili za mwanzo ni kipenyo kwa milimita, mbili za mwisho ni aina. 2409 ni milimita 24, sekunde katikati, na gurudumu la mizani, lile linaloenda na kurudi kupima mwendo, limekingwa na mshtuko. 2414 ina tarehe. 2416 inajijaza yenyewe mkononi na ina tarehe. Ukishauzoea, muuzaji akikuandikia "ya kujijaza" huku picha inaonyesha 2409, unafunga ukurasa.

Pili, ile alama ya pembetano yenye herufi K iliyolazwa ndani yake, Alama ya Ubora ya Taifa. Ilianzishwa mwaka 1967. Uso wenye pembetano hiyo hauwezi kuwa wa 1960, hata uapiwe.

Tatu, dhahabu. Kwenye makasha yaliyopakwa dhahabu utakuta AU10 au AU20, yaani unene wa dhahabu kwa mikroni. AU20 hustahimili. AU10 iliyovaliwa kila siku huanza kuonyesha shaba kwenye pembe, na kasha linalong'aa kila upande huku uso umechakaa linanitia wasiwasi.

Na kuna pasporti, ambayo naithamini kuliko sanduku. Saa mpya iliuzwa na kijitabu chenye namba ya aina, mhuri wa ukaguzi wa kiwandani, tarehe, na mhuri wa duka. Nyingi zilitupwa.

Machi: Vostok ya Chistopol

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo saa niliyoipenda kabla sijajua lolote kuihusu.

Mwaka 1941 Wajerumani walipoisogelea Moscow, viwanda vya saa vilihamishwa. Cha Kwanza kilipelekwa Zlatoust, milima ya Ural. Mitambo ya Kiwanda cha Pili cha Moscow ikapelekwa Chistopol, mji mdogo kwenye mto Kama katika Tatarstan, usiokuwa na historia yoyote ya saa. Watu wakafunga mitambo na kuanza kutengeneza vifaa vya jeshi. Vita ilipokwisha, ujuzi ukabaki pale. Kutokana na hijra ile tuna Vostok.

Katikati ya miaka ya 1960 Chistopol ikawa mtengenezaji rasmi wa saa za Wizara ya Ulinzi, na Komandirskie ikazaliwa. Mwaka 1967 ikafuata Amphibia, saa ya kuzamia ya mita 200. Mbinu za Waswisi za kuzuia maji zilikuwa zimefungwa na hataza, na zilidai vipimo vya usahihi mkubwa mno. Mikhail Novikov na Vera Belova wakaligeuza swali: badala ya kupigana na mgandamizo wa maji, waufanye uwafanyie kazi.

Nimeifungua ya kwangu nikaliona jambo lenyewe. Mfuniko wa nyuma hauna nyuzi za kufungia. Ni sahani bapa yenye vijino viwili vinavyokaa kwenye vipengele vya kasha, haizunguki hata kidogo. Juu yake inakuja pete yenye nyuzi, na pete ndiyo inayokazwa. Hivyo raba, ambayo ni pana kuliko za saa nyingi, haisuguliwi wala kupindwa, inabanwa tu. Ukishuka chini maji yanausukuma mfuniko ndani na raba inazidi kubanwa. Kioo nacho ni cha plastiki, unene wa milimita 3. Kikilemewa kinabonyea kidogo na kujikaza kwenye kasha. Kadiri unavyozama ndivyo inavyoziba.

Kifundo cha kutilia ufunguo ukikifungua kinalegea na kuyumbayumba. Wengi hudhani kimevunjika na hukimbilia kwa fundi. Kimeundwa hivyo, ili kikigongwa kisiupinde mhimili unaoingia kwenye mashine. Kivute taratibu, kishike, utasikia kinaingia.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo jingine kubwa. Saa nyingi za Kisovieti, Komandirskie zikiwemo, zina kasha la shaba ya njano lililopakwa kromi. Jasho na hewa ya chumvi huitafuna kromi, kwanza nyuma ya vipembe vya mkanda, halafu vidoti vya kijani vinatokeza. Amphibia ni chuma kisichoshika kutu. Hii ndiyo pekee katika kundi zima ninayothubutu kuivaa Raskazone na kuingia nayo baharini.

Yangu ina 2409, mawe 17, mapigo 19,800 kwa saa. Pasporti za Vostok huruhusu kuchelewa sekunde 20 au kuwahi 60 kwa siku. Baada ya kusafishwa, programu ya simu inayosikiliza mapigo inaonyesha iko ndani ya hapo kwa raha.

Nimepata pia mashine ya 2414 ya akiba. Wanaouliza jinsi ya kubadili tarehe: haina njia ya mkato. Sogeza mishale ipite saa sita usiku tarehe ibadilike, irudishe nyuma hadi saa mbili usiku, isogeze tena. Vidole vitauma mwanzoni mwa mwezi, lakini mashine haidhuriki.

Aprili

Nimeikataa Raketa moja, saa ya kiwanda cha Petrodvorets, nzuri sana machoni. Uso ulikuwa na nyota nyekundu, nyambizi na maneno ya idara ya usalama. Herufi zilikuwa nene kupita kiasi, mistari ya dakika haikugusa duara, na pembeni ya tundu la katikati rangi ilikuwa imevimba. Uso wa kiwandani huchapwa, rangi haivimbi pale. Mashine ndani ilikuwa safi na ya kweli, ikanisikitisha kuiona imevishwa hivyo.

Niseme wazi kwamba si kila uso wa ajabu ni wa kughushi. Mwishoni mwa enzi ile viwanda vyenyewe vilianza kutengeneza nyuso za kila namna kwa wanunuzi wa nje, na Vostok ilitoa Komandirskie zenye maandishi ya Desert Shield wakati wa vita ya Ghuba. Hizo ni sehemu ya historia. Tofauti iko kwenye uchapaji.

Mei na Juni: Raketa, na mzee wa Moscow

Habari zimefika kwa mzee mmoja wa hapa Tanga aliyesoma Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, Moscow, miaka ya 1970. Alinituma mjukuu wake niende.

"Nasikia wewe ndiye unayetafuta saa za kule kwetu," akasema, na akaniwekea mezani Raketa ya sekunde katikati, mkanda umebadilishwa, kioo kimekwaruzika. Kisha akatoa bahasha. Ndani kulikuwa na pasporti yake, karatasi imekuwa rangi ya chai, mhuri wa zambarau wa duka umefifia upande mmoja lakini tarehe inasomeka, na bei kwa rubli imeandikwa kwa kalamu. Alikuwa ameilipa kwa posho yake ya mwanafunzi.

"Mzee, hii siwezi kuinunua. Ibaki kwako."

"Sikuuzii. Nataka itembee."

Tumekubaliana: fundi ameisafisha, mimi nimeipiga picha pamoja na pasporti yake, na imerudi mkononi kwa mwenyewe. Kwenye mradi nimeiingiza kama saa iliyoandikwa, si iliyomilikiwa. Ndani ina 2609.HA, mashine ngumu, nzito, yenye mapigo 18,000, na kwa maoni yangu ndiyo mashine bora ya kazi ambayo Wasovieti waliitengeneza. Baada ya miongo yote ile katika joto hili, gurudumu la mizani lilianza kuzunguka mara tu mafuta yaliyoganda yalipotolewa.

Kiwanda chenyewe kiko Petrodvorets, karibu na Leningrad (leo St. Petersburg), na mizizi yake ni karakana ya kuchonga mawe ya thamani iliyoanzishwa na Peter Mkuu mwaka 1721. Wachonga mawe wakaja kuchonga mawe ya mashine za saa, na vita ilipokwisha wakaanza kutengeneza saa zenyewe. Jina la Raketa lilikuja baada ya Yuri Gagarin kuruka kwenda angani tarehe 12 Aprili 1961.

Kwa ajili yangu nimepata Raketa ya aina nyingine, ile ya saa 24, ambamo mshale mfupi huzunguka mara moja tu kwa siku nzima. Waliziunda kwa watu wa ncha za dunia, mabaharia wa nyambizi na watafiti wa Antaktika, ambako mchana au usiku unaweza kudumu kwa miezi na saa ya kawaida haikuambii kama umeamka alfajiri au jioni. Hapa Tanga jua linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, na kuusoma uso huu kumenitaka nizoee upya.

Julai: Slava na Luch

Nazipitia haraka, hazikunisumbua. Slava ni ya Kiwanda cha Pili cha Moscow. Ndani ya 2428 kuna kamani mbili zinazofanya kazi pamoja, kila moja kwenye pipa lake, ili nguvu itoke kwa usawa zaidi. Fundi hakuwahi kuona hivyo katika saa ya mkononi na aliwaita wenzake wawili waje kuangalia. Ina siku na tarehe, na siku zimeandikwa kwa Kirusi.

Luch ni ya Minsk, Belarus. Nimechukua yenye 2209, mashine ambayo ilianzia Moscow kisha ikahamishiwa Minsk: unene wa milimita 2.9, mawe 23. Ukiishika ubavuni huamini kwamba mle ndani kuna kitu kinachozunguka. Nilitaka saa hii kwa sababu watu husema Wasovieti walijua kutengeneza vitu vizito tu.

Agosti na Septemba: kronografu

Hapa ndipo fedha inapohitajika. Kiwanda cha Kwanza, ambacho kuanzia miaka ya 1960 saa zake zilijulikana kwa jina la Poljot, kilitoa Strela mwaka 1959, kronografu, yaani saa yenye kipima muda cha kuanzisha na kusimamisha kwa vitufe, ya mashine 3017, iliyofuata mchoro wa kampuni ya Venus ya Uswisi. Ndiyo aliyoivaa Aleksei Leonov alipotoka nje ya chombo tarehe 18 Machi 1965, binadamu wa kwanza kuelea angani nje ya chombo chake. Bei za Strela sasa ziko mbali nami na saa za kughushi ni nyingi. Nimeiondoa kwenye orodha bila majuto.

Nimeelekea 3133. Miaka ya 1970 Waswisi waliiacha mashine ya Valjoux 7734, Moscow ikanunua mitambo yake mwaka 1974, na 1976 ikaanza kutoa 3133. Hawakuinakili tu. Waliongeza mawe yakawa 23, na mapigo wakayapandisha kutoka 18,000 hadi 21,600 kwa saa. Marubani na mabaharia waliipata kabla ya raia.

Niliyoipata ni Okean, ya jeshi la majini, na niliikagua kwa picha kwa majuma kabla ya kulipa: mtindo wa herufi, umbali kati ya viduara viwili, rangi ya mishale, alama chini ya daraja la gurudumu la mizani. Uso umefanya ukungu wa kahawia upande mmoja, na ukungu huohuo uko kwenye mshale uliokaa juu yake. Nikajua vimeishi pamoja. Vitufe vyote viwili vinafanya kazi. Kile cha kurudisha sifuri kilikuwa kizito, fundi alikuta mafuta yamegeuka gundi chini ya nyundo yake.

Kuna moja niliyokataa hata kuigusa: saa kubwa ya rubani ya miaka ya 1940, mashine ya Ohio ndani, uso wenye tarakimu zinazong'aa gizani. Nyingi za miaka hiyo zilipakwa radiamu. Mng'ao wake umekwisha siku nyingi lakini mionzi haijaisha, na hatari kubwa ni vumbi linalotoka rangi inapobanduka. Fundi anafanya kazi akiwa ameinamisha pua juu ya meza, na barazani watoto wanapita. Mwenye vifaa na chumba maalumu aichukue yeye.

Oktoba: hali ilivyo

Moscow viwanda viwili, Chistopol, Petrodvorets na Minsk vimekamilika. Zote zinakaa kwenye kisanduku cha plastiki kinachofunga sawasawa pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu, na kila moja inatiwa ufunguo kwa zamu ili mafuta yasilale.

Penza na Uglich bado, na vyote viwili vilijulikana kwa saa za kike. Ni hapa nimegundua pengo katika soko lenyewe. Saa za kiume zimeandikwa hadi skrubu ya mwisho, za kike zinauzwa kwa mafungu, tano au kumi pamoja, nyingi zikiwa zimeng'olewa makasha kwa ajili ya dhahabu. Uglich ilianza kama kiwanda cha mawe ya mashine kabla ya vita, na saa zake za Chaika zina jina lilelile alilolitumia Valentina Tereshkova kwenye redio alipokuwa angani mwaka 1963. Mashine ya 1601 ina kipenyo cha milimita 16 na mawe 17. Kuisafisha ni kazi ngumu kuliko Okean yote, na fundi ameshaagiza koleo nyembamba zaidi.

Nimepata fungu moja lenye Chaika ambayo kasha lake la AU10 halijaguswa na uso unaonekana wa kwake. Muuzaji amekubali kunitumia picha ya mashine ikiwa imefunguliwa. Ikilingana nanunua fungu zima, na zile zilizobaki bila makasha zitatoa vipuri, si vya Zaria, saa ya Penza, maana vipimo vyao haviingiliani, bali vya Chaika nyingine, ambazo wamiliki wake hapa mjini wameanza kuniletea.